Mpira wa Ghalani na Mganga Asiyekuwepo

Kabla hamjaniuliza jina la mganga, ngoja niwaeleze habari za mahindi.

Nilifundisha michezo katika shule moja ya msingi pale Kawajense, hapa Mpanda, mpaka nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuogopa timu pinzani kama nilivyomwogopa mwalimu mkuu akishika jembe. Mvua za kwanza zikidondoka, alitoka ofisini, akatazama kiwanja cha michezo, akatazama mawingu, na mimi nikajua kwamba hadi mwezi wa tano kiwanja changu kitakuwa shamba. Mwenyewe aliiita elimu ya kujitegemea. Mahindi yalistawi kweli kweli, hasa golini, ambako watoto walikuwa wamelainisha udongo kwa miguu yao kiangazi kizima.

Sasa nyie walimu wa michezo mnaoanza kazi, na nyie wachezaji mnaokuja kwangu Jumamosi mkivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa, naandika haya ili mwache kunong'ona. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye pensheni, kuku tisa na goti bovu. Sina kibuyu. Mnachokitafuta kwangu kipo, ila hakikutoka mnakodhani, na kisa chake hakinipi sifa nyingi kama ambavyo ningependa.

Mchezo wangu ulikuwa mpira wa mikono. Kwa asiyeujua: wachezaji saba kila upande pamoja na kipa, mpira unarushwa kwa mkono hadi golini, na huruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu wala kupiga nao hatua zaidi ya tatu. Ofisi ya elimu iliupenda kwa sababu haukuhitaji viatu. Wazazi waliuona ni mpira wa miguu wa watoto waliokosea maelekezo. Mimi niliupenda kwa dhati, na nadhani hilo ndilo lililonifanya niwe mkaidi mwaka ule mahindi yalipoingia mpaka kwenye mstari wa kati.

Nilikwenda kwa Mama Skola. Huyu alikuwa mtunza ghala wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, mjane mwenye watoto wanne, wote wakiwa shuleni, na wote wakila mshahara huo mmoja. Tulikuwa tunakaa benchi moja kanisani. Mimi nilisoma masomo ya Jumapili, yeye aliimba sauti ya pili na kunisahihisha matamshi ya majina ya manabii. Ghala lake lilikuwa jengo refu la matofali, paa la bati, sakafu ya saruji. Masika lilikuwa tupu, maana tumbaku huanza kuingia mvua zikiisha. Mlikuwa na mizani, machaga ya mbao ya kuwekea marobota ya tumbaku, yaliyopangwa kona moja, na harufu ambayo ukiingia mara ya kwanza unapiga chafya saba.

"Mwalimu Deusi," aliniambia, "unaona lile tangazo?"

Nililiona. Mwenyekiti wa chama alikuwa amelibandika mlangoni msimu uliopita, baada ya mtu kuazimwa ghala kwa ajili ya sherehe na marobota kulowana kwa pombe. Lilisema mtumishi yeyote atakayefungulia watu ghala bila kibali atapoteza kazi siku hiyo hiyo. Halikuwa na lugha ya mzunguko.

"Nimeliona, Mama."

"Basi mtakuja mvua ikinyesha tu. Mvua ikipiga bati, mpira ukigonga ukuta hausikiki ng'ambo ya uwanja kwenye ofisi ya mwenyekiti. Lakini sauti ya mtoto inasikika. Kwa hiyo hakuna kusema. Hata kupiga chafya, wapigie kwenye kiwiko. Na miguu mitupu. Akisema hata mmoja, mnatoka."

Ndivyo tulivyoanza. Watoto kumi na wanne, ndani ya chumba ambacho ukikimbia kwa nguvu unafika mwisho kabla hujaamua unakwenda wapi.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa ambalo naona nyie mnalifanya leo kwenye kumbi za shule zenu. Nilijaribu kuubana mchezo wa nje uingie ndani. Nilimweka mtoto pembeni nikamwonyesha kwa ishara, wewe ni winga, kaa hapa. Winga ghalani! Alikuwa amesimama kati ya mizani na machaga, hana pa kwenda, mpira unampita puani. Nikawa nawafukuza wote wasiukaribie ukuta, kwa sababu mpira ukigusa ukuta kichwani mwangu ulikuwa umetoka nje.

Mama Skola alikuwa mezani kwake anachambua maharage ya jioni. Siku ya tatu akaniita kwa kidole.

"Mbona unawafukuza ukutani?" akaninong'oneza. "Ukuta si umesimama bure hapo? Hauchoki, haudai jezi. Upe mpira uone kama hautakurudishia."

Mama huyu hakuwahi kushika mpira maishani mwake. Mimi nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu chenye muhuri. Nikarudi kwa watoto, nikaurusha mpira ukutani, nikampita mlinzi kwa upande mwingine, nikaudaka ukirudi. Watoto wakatumbua macho. Tangu siku hiyo tukawa wachezaji wanane kila upande, mmoja akiwa wa tofali.

Jambo la pili nalo ni lake. Mama Skola alikuwa mtu wa kuhesabu; miaka aliyohesabu marobota ilimfanya asiweze kuona kitu bila kukihesabu. Alianza kuweka punje moja ya haragwe mezani kila mtoto aliposhika mpira, rundo kwa kila mtoto. Mwisho wa mazoezi aliniita tena. Mtoto mmoja alikuwa na rundo la kutosha mboga ya nyumba nzima. Mwingine alikuwa na punje tatu.

"Huyu," akasema, akigusa zile punje tatu, "amekuja kucheza au amekuja kujikinga mvua?"

Niliona aibu. Nje, kwenye kiwanja kikubwa, nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila kujua kwamba nusu ya watoto wangu walikuwa wanakimbia tu. Wanarudi nyumbani wamechoka, wamelowa jasho, na mpira hawajaushika. Kiwanja kikubwa kinamficha mtoto mvivu, na kinamficha mwalimu mvivu vizuri zaidi. Ghalani hakuna pa kujificha. Mpira unakufikia utake usitake, unatoka kwa mwenzako, ukutani, au unakugonga sikio. Tukaweka sharti kwamba marundo yakaribiane. Hadi mwezi wetu wa pili ghalani ulipokwisha, hata yule wa punje tatu alikuwa anadaka bila kuutazama mpira mara mbili.

Mengine yalikuja yenyewe. Nje, mtoto akidaka mpira anapata muda wa kufikiri, kuvuta kamasi na kumtafuta rafiki yake. Ndani, akidaka tu, mikono minne iko usoni mwake, kwa hiyo anajifunza kuamua kabla mpira haujafika. Nje, mfungaji anabaki mbele akisubiri, mlinzi anabaki nyuma akiota jua. Ndani, pumzi moja unashambulia, pumzi ya pili unalinda, hakuna anayesema hiyo siyo kazi yangu. Na kwa kuwa nafasi ya upande wa kulia mara nyingi imezibwa, inabidi mkono wa kushoto nao uajiriwe. Kulikuwa na binti mmoja, Kulwa, wa darasa la saba, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa pambo. Nilimfunga wa kulia kwa kitambaa kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza alinichukia. Wiki ya pili alianza kumnyang'anya mpira kila mtu.

Kulwa alikuwa wa familia ya Kisukuma waliokuja na ng'ombe wao wakajenga nje ya mji. Alikulia zizini. Mtu aliyezoea kupita kati ya ng'ombe arobaini bila kuguswa na pembe, ghala kwake ni uwanja wa ndege. Lakini zaidi ya yote, Kulwa alijifunza kile kilichowaponza baadaye, kile cha kutosema. Wote walijifunza. Mtoto asiyeruhusiwa kuita "nipe! nipe!" inabidi atazame. Anatazama bega la mwenzake, anatazama macho, anajua atakwenda wapi. Mwezi wa tatu, nikikaa kwenye machaga nikiwatazama, nilisikia mvua tu na nyayo. Nawaambia kweli, nilifurahi mpaka nikaona haya machozi kunitoka kwa ajili ya mpira wa mikono.

Mvua zikaisha, tumbaku ikaanza kuingia, tukatoka. Mahindi yalivunwa, na kwa kuwa stoo ya michezo ndiyo iliyokuwa kavu kuliko zote pale shuleni, mwalimu mkuu akayahifadhi humo. Jezi zetu hazikuwa na pa kulala. Nikamwomba Mama Skola sanduku likae chini ya meza yake, katikati ya marobota. Alikubali huku akilitazama lile tangazo.

Tukaenda kwenye mashindano ya mkoa ya shule za msingi, tukapita pita mpaka fainali. Wapinzani ni shule moja nisiyoitaja kwa sababu mwalimu wake sasa ni mjomba wa mkwe wangu.

Kiwanja kilikuwa wazi, kikubwa, hakina ukuta hata mmoja. Nilikuwa nimewaambia, tena kwa sauti: "Nje hakuna ukuta." Wakaitikia kwa kichwa. Dakika za mwanzo Kulwa akabanwa pembeni, akafanya alichokifanya masika nzima. Akaurusha mpira kando kwa nguvu, akamzunguka mlinzi, akanyoosha mikono kuusubiri urudi. Mpira ukaenda mpaka kwa muuza miwa. Watu wakacheka. Baada ya muda akarudia. Watu wakacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka mtu. Nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akisema taratibu, "Jamani, huyu mtoto anampasia nani?"

Halafu wakazoea. Waliacha kuutafuta ukuta, wakaanza kutafutana, na wale wapinzani wakaona ajabu. Wao walikuwa wanaitana kila sekunde, "huku! nipe! mimi!", wanatutangazia wanakopeleka mpira kana kwamba tumewalipa. Wetu kimya. Mpira unatoka huku unafika kule, hakuna aliyeomba, hakuna aliyejibu. Zikabaki dakika chache, mabao sawa. Kulwa akadaka akiwa amegeukia pembeni, mlinzi akaziba upande wa kulia, binti akahamisha mpira mkono wa kushoto bila kuutazama, akaudundisha chini mbele ya kipa, ukapita chini ya kwapa lake. Tukashinda kwa bao hilo.

Zawadi ilikuwa kikombe na mbuzi dume, vyote vimetolewa na chama cha tumbaku. Kwa hiyo mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa chama mwenyewe, yule wa tangazo.

Kabla mbuzi hajafunguliwa kamba, rufaa ikaletwa. Ilikuwa na hoja tatu, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kwamba watoto wetu wananuka tumbaku kama watu waliotoka kutambikiwa. Kwamba hawasemi, jambo ambalo si la kawaida kwa watoto. Na kwamba mchezaji mmoja wa kike, mara tatu, mbele ya mashahidi, alimpasia mtu asiyeonekana.

Tukaitwa darasani, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti kidevuni. Wajumbe watano wa kamati, katibu na daftari lake, mwalimu mpinzani, mimi, na mgeni rasmi aliyekaribishwa kwa heshima. Madirisha hayakuwa na vioo. Watoto wangu walikuwa nje wamejipanga ukutani wakimsubiri mbuzi wao.

"Mwalimu Deusi, mbona watoto wako hawasemi?" akauliza mwenyekiti wa kamati.

"Wamelelewa vizuri."

"Na yule binti, pale pembeni alikuwa anampasia nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Alikuwa anampasia ukuta. Lakini ningesema ukuta, ningeulizwa ukuta gani, na mwenye ukuta alikuwa amekaa dawati la mbele amevaa kofia. Kabla sijapata la kusema, mwenyekiti wa chama akaomba jezi moja, akaipeleka puani, akafumba macho.

"Hii si tumbaku ya kunusa ya wazee," akasema. "Hii ni ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto bila moshi. Tena haikutoka shambani, imelala ghalani." Akafumbua macho akanitazama. "Mwalimu, hizi jezi zinalala wapi?"

Nilimwona Mama Skola na wanawe wanne kama vile wamesimama pale ubaoni. Sekunde tatu zangu zilikuwa zinakwisha. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na wangu ukafunguka.

"Zinalala kwa mtaalamu," nikasema.

"Mtaalamu gani?"

"Wa jadi. Tulikwenda kutengenezwa."

Darasa likapumua. Mwenyekiti wa chama hakuridhika. Mtu wa tumbaku ni mtu wa tumbaku. "Mganga gani anatumia tumbaku ya mvuke?"

"Alisema mizimu ya siku hizi imechoka na ya moshi."

Katibu akainua kalamu. "Samahani, Mwalimu. Ya mvuke au ya moshi? Niandike vizuri."

Wakapekua kanuni. Kanuni zilikataza kucha ndefu, hereni na kumtukana mwamuzi. Mizimu haikutajwa. Kwa hiyo kikombe kikabaki chetu, na mimi nikafungiwa michezo kwa miaka miwili kwa mwenendo usiolingana na ualimu. Mbuzi alishikiliwa kama kielelezo, na nasikia kielelezo kililiwa jioni ile na pilipili.

Siku ya pili niliwakusanya watoto nikawaambia, yale mliyoyasikia jana ni maneno ya watu wazima. Hawakuuliza kitu, waliitikia kwa kichwa. Nikajua wameelewa, maana miezi yote ile kuitikia kwa kichwa ndiyo ilikuwa lugha yetu.

Sasa nicheke kidogo. Haikupita wiki tatu, mwalimu wa kwanza akaja nyumbani. Alizunguka uani kana kwamba anakagua kuku. Mwishowe akasema, "Mwalimu, yule mtaalamu wako, anapokea wageni?"

Nikataka kumfukuza. Halafu ualimu ukanizidi. Nikamwambia hapokei wageni, ila masharti yake ninayo. Watoto wafungiwe kwenye chumba kidogo chenye kuta nne, siku arobaini. Miguu mitupu. Asiseme mtu. Mpira usikae mkononi kupita kuhesabu tatu. Ukuta nao upewe mpira, usidharauliwe. Kila mtoto awekewe punje ya haragwe kila anaposhika mpira, na marundo yasipishane sana, la sivyo dawa inageuka. Wiki mbili mkono wa kulia ufungwe.

Aliandika kila neno. Kama ningemwambia ni mazoezi, angeyafanya siku nne akaacha. Kwa kuwa aliambiwa ni masharti, hakuruka hata siku moja. Timu yake ilibadilika mpaka nikaiogopa. Wakaja wengine, kutoka huku mjini, mmoja hadi kutoka Mishamo kwa baiskeli. Mmoja alitumia ghala la mashine ya mpunga, mwingine darasa lisilo na paa. Yupo aliyeniletea kuku mweusi akiuliza afanyiwe nini. Nikamwambia apikwe na wali, wale watoto. Nilifundisha walimu wengi nikiwa nimefungiwa kuliko nilipokuwa huru, na hakuna semina hata moja ya kazi iliyowahi kusikilizwa kama nilivyosikilizwa mimi pale kwenye banda la kuku.

Upande mwingine haukuchekesha. Kanisani niliondolewa kusoma masomo. Na Mama Skola, ambaye kazi yake ilibaki salama, alimwita katekista akanyunyiza maji ya baraka ghala zima, machaga, mizani, hadi chini ya meza. Sanduku la jezi nililikuta mlangoni kwangu. Alihama benchi. Nikimsalimia "Tumsifu Yesu Kristo" aliitikia "Milele amina" kwa kuwa hiyo huwezi kuinyima, basi.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli jioni ile ile. Mwanzoni niliona afadhali asijue, ili mwenyekiti akimuuliza akasirike kwa hasira ya kweli. Baadaye nilikuwa nimekasirika mimi. Miaka yote benchi moja, na ameamini kwa siku moja! Hasira hiyo niliitunza vizuri, nikaiona ni haki yangu. Ikapita miaka kumi na kitu.

Mwaka jana Mama Skola alistaafu. Hakuna tena kazi ya kumpokonya. Mwezi wa sita nikapanda bajaji nikaenda kwake, nikamkuta kibarazani anapeta mchele. Nikakaa bila kukaribishwa, nikamweleza yote, tangazo, jezi, mwenyekiti akinusa. Ungo ulisimama.

"Hakukuwa na mganga?"

"Hakuna."

"Deusi, kila Ijumaa, kila Ijumaa naweka nia yako kwenye rozari. Aachane na waganga. Miaka yote hii."

"Nimesikia, Mama."

"Na Mama Maria ananisikiliza tu, haniambii kitu." Akatikisa kichwa. "Haidhuru. Uongo nao ni dhambi. Nitabadilisha nia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ungekuja kuniambia siku ile, ningekwenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Angenifukuza, ningekaanga vitumbua. Si ningeamua mwenyewe?"

Kwa miaka mingi nilijiona nimemwokoa mtu, na haikunijia kamwe kwamba ningeweza kumuuliza.

Akaushika tena ungo, akauweka chini. "Na Kulwa?"

"Kulwa amefanyaje?"

"Alikuja ghalani kwangu kabla ya kumaliza la saba. Akaniuliza, Mama, ni kweli Mwalimu alifukia dawa humu? Ndiyo maana nilikuwa najua kucheza?" Mama Skola alikuwa anaangalia mchele. "Mimi nilikuwa nimesikia kwamba umekiri mwenyewe mbele ya kamati. Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Nikamwambia amshukuru Mungu imeondolewa."

Kulwa alifaulu, akaenda sekondari yenye kiwanja kizuri cha mpira wa mikono, na hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Nilijua hilo. Nilijiambia sekondari huwaharibu mabinti, au kwamba baba yake alimtaka nyumbani kwa ajili ya ng'ombe. Nilikuwa na sababu nyingi, zote za watu wengine. Pale kibarazani nilijisikia vibaya kuliko siku nilipofungiwa, kuliko siku nilipoondolewa kwenye masomo. Mama Skola alikuwa tayari amesimama anatafuta kanga yake.

Kulwa ana banda la mchele sokoni Mpanda. Ni mwanamke mzima, ana mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Alituona tunakuja wawili, wazee ambao mji mzima unajua hawasalimiani, akaacha kupima.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba," nikasema. Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikaruka mambo, Mama Skola akawa ananirudisha kama alivyonisahihisha manabii. Tukamwambia hakukuwa na kitu kilichofukiwa. Kulikuwa na ukuta, na mvua, na maharage, na yeye.

Mteja akaja, Kulwa akamwashiria asubiri.

"Lile bao la mwisho," akasema. "La mkono wa kushoto."

"Ndiyo."

"Lilikuwa langu?"

"Lako. Hakuna aliyekusaidia. Hata mimi nisingeweza kulifunga."

Akautazama mkono wake wa kushoto, una unga wa mchele mpaka kwenye kiwiko. Halafu akamwita mwanawe aliyekuwa anapanga vifuniko vya soda nyuma ya magunia, akamshika mabega, akamsimamisha mbele yangu.

"Mwalimu, sema tena," akasema. "Huyu hajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka banda la jirani wakageuka.